Uliponea Chupuchupu, Ukamwambia Nani?

Hii ni hotuba niliyotoa kwenye mkutano wa mafundi, vibarua na wasimamizi wa saiti. Nimeiweka yote kama nilivyoisema kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Picha zilizokuwa zinaonyeshwa ukutani nimeziacha.

Ndugu zangu, mafundi wenzangu, saidia fundi wote, mafomeni, mainjinia, na nyie makandarasi mliokaa hapo mbele, habari za asubuhi.

Kabla sijasema chochote naomba mnyooshe mikono. Nani humu ndani ashawahi kuponea chupuchupu saitini? Yaani tofali limepita karibu na kichwa, ubao umekatika ukadaka bomba ukaning'inia, au mtaro umeporomoka dakika mbili baada ya wewe kutoka. Nyoosheni tu, msiogope. Haya, naona karibu ukumbi mzima. Sasa shusheni, alafu anyooshe tena yule ambaye siku ile ile alimwambia mtu mwenye uwezo wa kurekebisha kile kitu, na kweli kikarekebishwa.

Mnaona? Angalieni wenyewe nyuma yenu. Mikono imebaki ya kuhesabu.

Mi nimekuja kuongelea ile mikono ambayo haikurudi juu. Sijaja kuwafundisha kuvaa helmeti, mnajua kuvaa helmeti. Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu: ulipoponea chupuchupu, ukamwambia nani?

Nianze na la kwangu. Nilianza kama saidia fundi, kubeba zege kwa ndoo, baadae nikawa fundi wa nondo. Saiti moja, jengo la ghorofa sita, jina la kampuni silitaji, tulikuwa tumefika juu ghorofa ya nne na nje kote kumezungushwa skafoldi ya mabomba, yale majukwaa ya kusimamia mafundi. Siku ya Jumatatu, saa nne hivi asubuhi, klampu moja ikachomoka juu ikashuka. Ile klampu ya kukutanisha mabomba mawili mnaijua, ni kama kilo moja ya chuma, lakini kitu kikianguka kutoka mita 12 kinafika chini kwa spidi ya kama kilomita 55 kwa saa. Ilipiga chini hatua moja kutoka kwa kijana aliyekuwa anachota maji ya kuchanganyia sementi. Moja tu. Alisimama pale na ndoo mkononi, maji yanamwagikia buti, hajui ageuke au abaki.

Tulifanya nini? Tulipiga kelele, tukacheka, mmoja akasema wewe leo siku yako haijafika, kijana nae akacheka, akaiokota ile klampu akairusha kwenye boksi pamoja na zingine. Basi. Dakika tatu haziishi kila mtu karudi kazini. Na nataka mjue, sisi hatukuwa watu wabaya, tulikuwa watu wa kawaida tunaokimbizana na zege.

Lakini mi nilijua kitu, na ndio maana nawaeleza leo. Nilijua kwamba Ijumaa iliyopita ule ubao wa pembeni wa kuzuia vitu visidondoke ulitolewa pale juu ili tupitishe nondo ndefu. Nilijua kwa sababu nilikuwa mmoja wa walioutoa. Tulisema tutaurudisha tukimaliza, tukamaliza, hatukuurudisha. Ubao mmoja na misumari minne, ndugu zangu. Dakika kumi za kazi.

Alhamisi ya wiki ile ile, sehemu ile ile, ikashuka nyingine. Hii haikukosa. Ilimpata fundi wa plasta begani karibu na shingo, nikamuona anakaa chini polepole kama mtu aliyechoka tu, alafu akalala. Nilikimbia kumshika. Na nilipopiga magoti pale nikaona pembeni yake kishimo cha Jumatatu. Kile kidimbwi cha klampu ya kwanza bado kipo kwenye udongo, kimejaa maji, kama dhiraa moja kutoka kichwa chake kilipolala. Nilikitazama kile kishimo nikakosa nguvu za kumuinua.

Hakufa, namshukuru Mungu. Lakini mkono wa kulia haukupanda tena juu ya kifua. Fundi wa plasta, na dari zinapakwa juu. Mnaelewa maana yake.

Sasa niambieni, ajali ya Alhamisi ilianza lini? Ilianza Alhamisi? Ilianza Ijumaa ya wiki iliyotangulia, Jumatatu ikaja kutupigia hodi, na sisi tukaicheka hodi.

Mwaka 1931 kuna Mmarekani mmoja anaitwa Herbert Heinrich, alikuwa anafanya kazi kwenye kampuni ya bima, alipitia mafaili mengi ya ajali za viwandani akasema kwamba kwa kila ajali 1 kubwa kuna ndogo 29 na kuna 300 ambazo hazikumuumiza mtu yeyote. Hesabu zake watu wamezibishania mpaka leo, na kweli kazi hazifanani, saiti ya barabara sio kama ya ghorofa, kwa hiyo msishike hiyo 300 kama ni sheria. Ninachokishika mimi ni kwamba kabla ya jeneza mara nyingi kunakuwa na kelele. Na hapa niongeze langu ambalo naona linasahaulika sana: sio kila chupuchupu ni sawa. Kuna saiti zinahesabu vidole vilivyokatwa na bati, zinajisifu vidole vimepungua, huku watu wanatembea juu ya paa bila mkanda wa usalama kila siku na hakuna anayeandika. Kujikwaruza na kuteleza ghorofa ya tano ukadaka nondo sio habari moja hata kama wote wawili mmerudi nyumbani mnatembea. Jiulize swali hili kila mara: bahati isingekuwepo, hii ingeishia wapi? Kama jibu ni makaburini, basi ichukulie kama mtu ameshakufa. Simamisha, ita watu, rekebisha, kana kwamba kuna mwili umelala pale.

Najua mtaniuliza, kwa nini basi hatusemi? Nimewauliza watu wengi na majibu yanafanana. Moja, kibarua. Mtu analipwa kwa siku, akisema hii skafoldi sio nzima kesho anaambiwa pumzika nyumbani, na nyumbani wanamsubiri. Hilo ni kubwa na sitalipita haraka, nitalirudia. La pili ni kwamba ukisema unajishtaki mwenyewe, kama mimi na ule ubao, ningesema nini, kwamba niliutoa mimi? La tatu, na hili ni letu wanaume zaidi, tunaona aibu kuonekana waoga. La nne ndio kubwa kuliko yote na halina mbaya wake: tumezoea. Ubao unaocheza ukiukanyaga mara mia bila kuanguka, mguu wenyewe unaanza kuamini.

Ngoja niwatoe kidogo saitini niwapeleke kwenye ndege, alafu tutarudi.

Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya shirika la Kimarekani la TWA, namba 514, ilikuwa inakwenda kutua karibu na Washington, Marekani, hali ya hewa mbaya. Marubani na mwongozaji wa chini hawakuelewana kuhusu kimo, ndege ikashuka mapema ikagonga mlima huko Virginia. Watu 92, hakuna aliyepona. Sasa sikilizeni hili. Wiki kama sita kabla ya siku hiyo, ndege ya shirika lingine ilikuwa imefanya kosa lile lile, njia ile ile, ikaukosa ule mlima kidogo sana. Marubani wake walisema, na shirika lao likawaonya marubani wake. Wake tu. Habari haikuvuka ukuta kwenda kwa wengine. Klampu ya Jumatatu ilikuwa imeshadondoka, lakini waliosikia ni nyumba moja.

Wenzetu wa ndege walijifunza. Mwaka 1976 wakaanzisha utaratibu ambapo rubani akikosea au akiponea chupuchupu anaandika, na anayepokea sio yule mwenye mamlaka ya kumuadhibu, anayepokea ni NASA, hao hao wa kwenda mwezini. Jina la mwandishi linaondolewa, somo linabaki, linasambazwa kwa wote. Na kuripoti kwa wakati kunaweza kumlinda na adhabu kama kosa halikuwa la makusudi. Kwa nini wamfanyie hivyo mtu aliyekosea? Kwa sababu walielewa kwamba ukimpiga anayesema, unabaki na wanaonyamaza, na wanaonyamaza wanakosea vile vile.

Sasa sisi wa ujenzi tunashindwa nini? Hatuhitaji NASA. Tunahitaji daftari, kalamu, na fomeni ambaye hafoki.

Haya. Lakini kusema peke yake hakutoshi, na hapa nawaongelesha nyie makandarasi na mainjinia zaidi. Inabidi ujumbe ufike kwa mwenye mkono kwenye swichi. Nitawapa hadithi ya daraja la Quebec kule Kanada, na kama kuna hadithi moja mtaondoka nayo naomba iwe hii.

Mwaka 1907 walikuwa wanajenga daraja la chuma juu ya mto St. Lawrence, kubwa sana kwa wakati ule. Urefu wa katikati ulikuwa umeongezwa kwenye michoro, lakini hesabu za uzito hazikurudiwa vizuri, kwa hiyo chuma kilikuwa kinabeba zaidi ya kile kilichopigiwa hesabu. Mwezi wa Agosti vile vyuma vikubwa vya chini vikaanza kupinda. Sio siri, walipima. Kimoja kilikuwa kimepinda zaidi ya sentimita 5. Na mnajua walifanya nini? Walianza kubishana. Wengine wakasema kinapinda sasa hivi, wengine wakasema hapana, kilitoka kiwandani hivyo hivyo. Wanabishana na kazi inaendelea, kila siku wanaongeza uzito juu.

Mwishowe wakamtuma injinia kijana apande treni mpaka New York kumuona injinia mshauri, mzee mkubwa anayeheshimika ambaye alikuwa hatoki huko aliko, afya yake sio nzuri. Mzee alipoona vile vipimo alielewa. Akapeleka telegramu: msiongeze mzigo kwenye daraja. Lakini telegramu hakuipeleka saitini. Aliipeleka ofisi ya kampuni, kule Pennsylvania. Na kule ofisini wakasoma, wakaona watalizungumza kesho asubuhi.

Tarehe 29 Agosti, jioni ile ile, karibu na filimbi ya kumaliza kazi, upande wote wa kusini wa daraja ukaanguka. Juu yake kulikuwa na watu 86. Wakafa 75. Thelathini na kitu kati yao walikuwa Wamohawk, wenyeji wa asili wa kule, wa kijiji kimoja, Kahnawake, wanaume waliozoea chuma na urefu kuliko mtu yeyote. Jiulizeni kijiji kile kilikuwaje wiki ile.

Nirudie tena. Chuma kilisema. Watu walipima. Injinia alisafiri. Mzee alielewa. Telegramu ikaandikwa. Kila mtu alifanya kitu, na wale watu 75 walikuwa bado wanapiga rivet, zile pini za kuunganisha vyuma, kwa sababu hakuna hata mmoja pale mtoni aliyesimama akasema shukeni chini, tutabishana mkiwa chini.

Kwa hiyo mkandarasi nakuuliza, kwenye saiti yako nani anaweza kusema shukeni? Ni wewe tu? Na wewe uko wapi saa hizi? Uko hapa, unanisikiliza. Saiti yako inafanya kazi sasa hivi, si ndio? Je, yule kibarua wa wiki ya kwanza akiona ufa kwenye ukingo wa mtaro, ana ruhusa ya kuwatoa watu bila kukupigia simu wewe kwanza?

Niseme kidogo kuhusu mtaro kwa sababu unatudanganya sana. Mtu anaogopa ghorofa lakini shimo la mita mbili anaona ni udongo tu. Ndugu zangu, mita moja ya ujazo ya udongo ni kama tani moja na nusu, ikiwa mbichi ni zaidi. Ni gari dogo zima. Likikulalia kifuani hata kama kichwa kiko nje, huvuti pumzi, kifua hakifunguki. Na udongo unatoa hodi: ufa unaokwenda sambamba na ukingo, vidonge vidogo vinavyoteremka vyenyewe, maji yanayotokea chini ambayo jana hayakuwepo. Ukiona hivyo toka kwanza, eleza baadae. Na kama mwenzako ameshafunikwa usiruke ndani, najua moyo unakutuma, lakini ukuta wa pili mara nyingi unawafuata waokoaji. Nimeshuhudia watu watatu wanavutwa mikanda ya suruali wasiingie, wanalia wanataka kuingia, na ukingo ukashuka mbele ya macho yao. Yule wa kwanza tulimtoa na koleo fupi na mikono, kutokea upande uliowekewa mbao. Alikuwa hai.

Umeme sitaukalia sana, ila neno moja kwa wanaobeba nondo na mabomba marefu: waya wa juu hauhitaji uuguse. Ukiwa wa msongo mkubwa, umeme wake unaruka hewani ukiukaribia. Kama nondo ilishawahi kutoa cheche ukacheka, hiyo ilikuwa Jumatatu yako.

Sasa nimalizie lile la kibarua nililoahidi. Kuna mkataba wa Shirika la Kazi Duniani, namba 155 wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi akiwa na sababu ya maana ya kuamini kuna hatari kubwa ya papo kwa papo kwa maisha au afya yake, alindwe asipate madhara kwa kujiondoa huko. Upo na wa ujenzi wenyewe, namba 167 wa 1988. Na mwaka 2022 shirika hilo hilo likaingiza mazingira salama ya kazi kwenye haki za msingi kabisa za mfanyakazi, safu moja na kukataza utumwa na ajira za watoto. Kwa hiyo usidhani unaomba hisani. Lakini mi najua, karatasi iko mbali na geti la saiti, na saa kumi na mbili asubuhi getini anayeamua ni fomeni. Ndio maana haya mengine nawaomba nyie mafomeni, nawaomba kwa moyo wote, kwa sababu mimi nilikuwa chini ya fomeni na najua uso wake tu unatosha kumnyamazisha mtu.

Nimefanya kazi na fomeni mmoja, mtu mkali kweli, lakini siku moja mpiga ishara wa kreni, kijana hana hata miezi miwili, alinyanyua mkono akasema ule mkanda wa kunyanyulia una uzi umechomoza. Uzi, jamani. Mzigo umeshafungwa, zege inasubiri, dereva wa kreni anaguna juu. Tulitegemea atamtukana. Fomeni alisimamisha, akauchukua ule mkanda akaupitisha mikononi polepole kama mtu anayekagua kamba ya ng'ombe, na upande wa chini ambao kijana hakuuona tukakuta mkato wa nusu ya upana. Umekatwa na ncha ya bimu. Hakusema mengi. Aliagiza kisu, akaukata vipande viwili mbele yetu wote ili asitokee mtu wa kuurudisha kazini kimya kimya, alafu kile kipande chenye mkato akampa yule kijana mkononi, akamwambia asante, kesho asubuhi utatueleza wote ulikionaje.

Na kesho yake kijana alieleza. Dakika mbili, kwa sauti ya kutetemeka. Kuanzia siku ile hatukukosa habari. Kila asubuhi kuna mtu ana kitu: ngazi haijafungwa juu, tundu la sakafu limefunikwa na karatasi la sementi badala ya ubao, mpaka mmoja akasimama akasema jana niliacha msumeno umechomekwa, nisameheni. Mnaona? Mtu anajishtaki mwenyewe na hakuna anayemcheka. Hiyo dakika moja fomeni aliyompa kipande cha mkanda ndio ilifungua midomo ya watu arobaini.

Kwa hiyo nisiendelee kuongea peke yangu. Nina maikrofoni mbili, moja nampa yule dada wa pale pembeni aizungushe, moja naishusha mwenyewe. Mlionyoosha mikono mara ya kwanza na hamkunyoosha ya pili, nataka kusikia kitu kimoja kutoka kwenu. Usitaje jina la kampuni, usitaje jina la mtu. Sema tu nini kilikukosa, na kama kile kitu bado kiko vile vile mpaka leo. Kama bado kiko vile vile, fomeni wako yupo humu, atakusikia, na nimeongea na makandarasi kabla ya kuanza, wamekubali simu zipigwe saitini kutokea humu humu ndani.

Haya, kaka mwenye ovaroli ya bluu kule nyuma, wewe ulinyoosha wa kwanza kabisa. Simama, shika maikrofoni. Ilikuwa nini?